Kwa nini wanasayansi wapime jambo ambalo "kila mtu analijua"? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila matokeo ya utafiti yanapotangazwa, malalamiko huwa yaleyale: pesa zimetumika, watu wamesumbuliwa, na jibu tulikuwa nalo tangu zamani. Hapa tumekusanya maswali ambayo wazazi, walimu, wauguzi na wanafunzi huuliza zaidi. Mifano mingi ni ya Afrika Mashariki, na si kwa upendeleo. Baadhi ya majaribio yaliyoishangaza dunia yalifanyika Kilifi, Muheza, Pemba, Mbale na Busia.

Kwa nini kupoteza muda kupima jambo ambalo jibu lake liko wazi?

Kwa sababu mambo mengi tunayoyaita wazi hayajawahi kupimwa na mtu yeyote. Yamerithiwa tu: mwalimu alimfundisha mwanafunzi, mwanafunzi naye akawa mwalimu, na baada ya miaka thelathini hakuna anayekumbuka kuuliza ushahidi uko wapi. Mengine yamejengwa juu ya hoja nzuri kabisa, lakini mwili wa binadamu haulazimiki kufuata hoja zetu.

Jambo likishahesabiwa kuwa wazi, hufanyika kila mahali, kwa kila mtu, kila siku. Likiwa na kosa ndani yake, kosa hilo husambaa nalo, na hakuna anayeliona, kwa kuwa hakuna aliyeachwa nje ili alinganishwe na wengine.

Nipeni mfano mmoja mzito.

Mtoto analetwa hospitali ya wilaya akiwa na homa kali. Mikono na miguu imekuwa ya baridi, moyo unakwenda mbio, anapumua kwa shida, hajitambui vizuri. Damu haizunguki inavyotakiwa; hali hiyo madaktari huiita mshtuko. Kwa miongo kadhaa vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto wa namna hii apewe maji ya dripu mengi kwa muda mfupi, ili mishipa ijae na damu ipate kusukumwa. Hivyo ndivyo ilivyofanyika katika vyumba vya wagonjwa mahututi Ulaya na Marekani, na katika hospitali zetu nyingi shida ilionekana kuwa moja tu: hatuna vifaa na watu wa kutosha kufanya kama wao.

Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, aliongoza jaribio la kulipima jambo hilo. Lilianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi upande wa Kenya, Teule iliyoko Muheza upande wa Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Liliitwa FEAST. Watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko mbovu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji ya albumini (protini ya damu) kwa kasi, la pili maji ya chumvi kwa kasi, na la tatu halikupewa dripu ya kasi; lilipata ile ya polepole ya kumtosheleza mgonjwa kwa siku. Mengine yote yalikuwa sawa kwa wote: dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni, na damu kwa aliyepungukiwa mno.

Wengi walitarajia kwamba dripu ya kasi ingeokoa watoto, na kwamba swali la maana lilikuwa ni maji gani yafaa zaidi. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama ilisimamisha uandikishaji, watoto wakiwa 3,141 kati ya 3,600 waliokusudiwa. Ndani ya saa 48 za mwanzo walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini, 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa dripu ya kasi. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3.

Soma tena tarakimu hizo. Katika kila watoto mia waliopewa tiba iliyokuwa "wazi", watatu zaidi walikufa. Tiba ilikuwa imefundishwa kwa nia njema, na wauguzi waliokesha wakiitoa walikuwa na nia njema. Bila jaribio lile hakuna ambaye angejua.

Lakini madaktari walikuwa wakiona kwa macho yao kwamba dripu inasaidia.

Ni kweli waliona, na macho yao hayakuwadanganya kwa kile kilichokuwa mbele yao. Hata katika jaribio lenyewe, saa moja baada ya kuanza matibabu, watoto walioondokewa na dalili za mshtuko walikuwa wengi zaidi katika makundi ya dripu ya kasi. Mikono ilipata joto. Mama aliona, muuguzi aliona, daktari aliandika kwenye faili.

Vifo vilikuja baadaye, saa kadhaa mbele, pengine zamu ikiwa imeshabadilishana. Mtoto akipona, sifa huenda kwa dripu; akifa, lawama huenda kwa malaria iliyokwisha kumwelemea. Hakuna daktari, hata awe hodari namna gani, anayeweza kumtazama mtoto mmoja kitandani na kujua angekuwaje kama asingepewa dripu ile. Mtoto huyo wa pili hayumo wodini. Jaribio lenye kundi la kulinganisha ndilo linalomleta.

Hata maelezo ya kifo yalikuwa tofauti na yaliyotarajiwa. Watu walidhani watoto wangedhurika kwa maji kujaa kwenye mapafu au ubongo. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuanguka, jambo lilelile ambalo dripu ilitakiwa kulizuia.

Kwa hiyo mtoto mgonjwa asiwekewe dripu?

Hapana, na tafadhali usimwambie mtu hivyo. Jaribio lile halikuwahusu watoto wanaoharisha na kukaukiwa maji, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara anahitaji kurudishiwa maji, kwa mdomo au kwa mshipa kadiri ya hali yake, na kuchelewa humuua. Kilichopimwa ni maji mengi kwa kasi kwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko mbovu wa damu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosasishwa: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko mbovu asipewe maji kwa kasi, na yule mwenye dalili zote za mshtuko apewe kwa kiasi cha chini na kwa mwendo wa polepole kuliko ilivyokuwa desturi, huku akiangaliwa kwa karibu. Maamuzi hayo ni ya mhudumu aliye na mtoto mbele yake.

Hilo la dripu ni la hospitali kubwa. Je, mambo ya kawaida, kama vidonge vya kuongeza damu?

Pemba inajibu swali hili vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Watoto wengi wa kisiwa hicho walikuwa na upungufu wa damu. Madini ya chuma hutengeneza damu. Basi wape chuma. Ni vigumu kupata wazo lililo wazi kuliko hilo, na mapendekezo ya kimataifa wakati huo yalisema vivyo hivyo: palipo na upungufu wa damu kwa wingi, watoto wadogo wote wapewe.

Jaribio lilianza mwaka 2002. Zaidi ya watoto 24,000, wenye umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35, waligawanywa: wengine walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki, wakiwamo waliochanganyiwa na zinki, na wengine kidonge kisicho na dawa. Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa. Waliokuwa wakipewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006.

Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi mwaka mzima, na ndicho kiini cha jambo. Jaribio la aina hiyohiyo lilifanyika Nepal, kusikokuwa na malaria ya namna hiyo, na huko chuma hakikuongeza vifo wala kuvipunguza. Kilichowadhuru watoto wa Pemba hakikuwa kidonge peke yake. Ni kidonge kukutana na ugonjwa. Na ndani ya jaribio la Pemba kulikuwa na kundi dogo lililochunguzwa damu mwanzoni na kupata uangalizi bora wa malaria: humo, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika.

Kwa hiyo jibu lililopatikana lilizidi ndiyo au hapana. Mpime mtoto kwanza, mtibu malaria, kisha mpe chuma anayekihitaji. Hakuna ambaye angelifikia jibu hilo kwa kukaa mezani na kufikiri.

Kwa nini mliruhusu watoto wafe kwenye utafiti?

Swali hili linauma, na linastahili kujibiwa bila kuzungukazunguka.

Watoto waliopewa dripu ya kasi Muheza au Mbale walipewa kile ambacho vitabu viliagiza. Kama jaribio lisingekuwapo, tiba hiyo ingeendelea kuenea kadiri hospitali zinavyopata vifaa, na watoto watatu katika kila mia wangeendelea kufa bila kuhesabiwa. Tiba isiyopimwa nayo ni jaribio. Tofauti ni kwamba haina daftari, haina kundi la kulinganisha, haina mtu mwenye mamlaka ya kuisimamisha, na mzazi haombwi ridhaa.

Utafiti unaofanywa kwa haki una vitu hivyo vyote. Lazima upitishwe na kamati ya maadili. Tanzania Bara kazi hiyo ya kitaifa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kila nchi ina utaratibu wake. Lazima kuwe na shaka ya kweli: kama wataalamu wanajua tayari lipi ni bora, kumgawia mtu lililo baya ni dhambi, si sayansi. Na kwa majaribio makubwa huwa kuna kamati huru inayofungua hesabu katikati ya kazi na kuangalia kama upande mmoja unaumia. Katika FEAST na Pemba kamati hizo zilifanya kazi yake, na majaribio hayo yalikatizwa kabla ya wakati.

Suala la ridhaa nalo lilikuwa zito. Mama aliyebeba mtoto anayekata roho hawezi kusomewa kurasa nyingi za maelezo. Katika FEAST, pale hali ilipokuwa ya dharura, mzazi aliombwa kwanza kukubali kwa mdomo baada ya maelezo mafupi, kisha akapewa maelezo kamili na kuombwa ridhaa ya maandishi hali ilipotulia. Wapo wanaoona utaratibu huo hautoshi. Mimi naona ulikuwa wa heshima kuliko kumkwamisha mtoto kwa ajili ya karatasi, lakini mjadala huo ni wa halali na uendelee.

Wahenga walishasema. Uzoefu wa vizazi hautoshi?

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mvumilivu hula mbivu, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali hizi zote ni za kweli, kila moja mahali pake, na hekima ya mzee ni kujua ipi atoe lini. Ndiyo maana baada ya tukio lolote huwa ipo methali inayolingana nalo. Ukitaka kujua, kabla ya tukio, kama jambo hili mahususi linahitaji haraka au subira, methali haitakuamulia.

Siwadharau wahenga kwa kusema hivi. Uzoefu ndio unaotupa mambo ya kupima.

Kila nikisoma matokeo ya utafiti naona nilikuwa nalijua jambo hilo. Kwa nini?

Akili hujipanga upya baada ya kuambiwa jibu. Mwanasosholojia Paul Lazarsfeld alilionyesha hilo mwaka 1949 alipokuwa akiandika kuhusu utafiti mkubwa uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliwaorodheshea wasomaji matokeo kadhaa, kwa mfano kwamba wanajeshi wasomi walisumbuka zaidi kiakili kuliko wasiosoma, na kila moja akalipa maelezo yanayoingia akilini. Msomaji akitikisa kichwa kukubali, akaambiwa kwamba yote yaliyotangulia ni kinyume cha yale yaliyopatikana. Kama wangepewa matokeo ya kweli tangu mwanzo, nayo pia wangeyaona ya wazi.

Jaribu mwenyewe. Kabla ya kusoma matokeo ya utafiti wowote, andika kwenye karatasi unachotarajia, pamoja na kiasi chake. Kisha fungua.

Na shuleni? Ni wazi kwamba mtoto mwenye kitabu hujifunza zaidi kuliko asiye nacho.

Hata mimi ningesema hivyo. Katika miaka ya 1990, wilaya za Busia na Teso magharibi mwa Kenya, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule 100. Shule 25 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa vitabu vya kiada mwaka 1996. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali.

Sababu ilikuwa mikononi mwa watoto. Vitabu rasmi viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa vijijini Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Wengi hawakuweza kuvisoma. Mtaala wenyewe ulimlenga mtoto aliyekwisha kuwa mbele. Matokeo hayo hayakusema vitabu havina maana. Yalielekeza kidole kwa wale walioachwa nyuma, na ni watoto wengi mno. Kremer alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa njia hii ya kupima mambo.

Tanzania tuna letu. Mwaka 2013 na 2014, mradi wa KiuFunza uliosimamiwa na shirika la Twaweza ulihusisha shule za msingi 350 katika wilaya kumi. Baadhi zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, baadhi walimu wake waliahidiwa bonasi kulingana na wanafunzi watakaofaulu, baadhi zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake, ambayo ndiyo watu wengi tungeipigania, haikupandisha alama. Shule zilizopata ruzuku na bonasi kwa pamoja zilipanda, na kwa kiasi kilichozidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Anayepanga bajeti ya elimu anapaswa kuzikumbuka tarakimu za mradi huo kabla ya kusema pesa zitajisemea.

Si kweli kwamba vitu vya bure watu hawavithamini?

Hoja hii ilitumika kwa miaka mingi kutetea kuuza vyandarua kwa bei nafuu badala ya kuvigawa: asiyelipa atavulia samaki. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakapanga bei tofauti kwa bahati nasibu, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola ya Kimarekani, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure walikitumia sawa na waliolipa.

Hapa nasema kwa msisitizo: wanaoumizwa na mambo "yaliyo wazi" mara nyingi ni wale ambao hawakuulizwa. Mama mjamzito alisemwa hathamini cha bure, wakati shida yake ilikuwa mfukoni.

Je, utafiti ukithibitisha tu kile tulichokijua, si hasara?

Chandarua huzuia mbu. Hilo halina ubishi. Lakini waziri wa fedha hanunui vyandarua kwa sababu vinazuia mbu. Anataka kujua vinaokoa watoto wangapi, ili alinganishe na chanjo na barabara. Majaribio ya miaka ya 1990, likiwamo la Kilifi, yalimpa jibu. Yalipojumlishwa ilionekana kwamba, kwa kila watoto 1,000 wanaolindwa kwa vyandarua vyenye dawa, maisha kama matano na nusu huokolewa kila mwaka.

Tena, anayepima jambo la wazi huokota na lisilotarajiwa. Jaribio la Asembo, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, lilionyesha kwamba hata watoto wasio na vyandarua walilindwa kama waliishi ndani ya mita 300 hivi kutoka nyumba zenye vyandarua, kwa kuwa mbu wa eneo zima walipungua. Chandarua changu kinamlinda mtoto wa jirani. Hiyo ni hoja ya kugawa kwa wote, na ilitoka kwenye swali ambalo wengi wangeliona la kupoteza muda.

Kama tiba imeshapimwa nchi nyingine, kwa nini irudiwe hapa?

Pemba na Nepal zimeshajibu sehemu kubwa. Niongeze moja ambalo lilikwenda vizuri. Mwaka 2005 jaribio la Asia, wagonjwa wengi wakiwa watu wazima, lilionyesha kwamba artesuneti ya sindano inaokoa maisha zaidi ya kwinini kwa malaria kali. Je, kwa watoto wa Afrika? Jaribio la AQUAMAT katika nchi tisa, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilifuatilia watoto 5,425 na kutoa jibu mwaka 2010: waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Safari hii jambo lilithibitika. Na ni uthibitisho huo uliowapa watunga miongozo nguvu ya kuiweka kando dawa iliyotumika kwa karne nyingi.

Wala tusidhani ni Afrika tu ndiko mambo ya wazi huanguka. Kwa zaidi ya miaka thelathini wengi waliojeruhiwa kichwa duniani walipewa dawa za steroidi kupunguza uvimbe wa ubongo. Jaribio la CRASH, lenye wagonjwa 10,008, lilionyesha mwaka 2004 kwamba waliopewa walikufa zaidi: asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, dhidi ya 17.9.

Yule Erasto Mpemba, wa maji moto yanayoganda upesi kuliko baridi, naye anahusika?

Sana. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aisikrimu na wenzake. Aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuweka mchanganyiko wa maziwa ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wa shule, Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wengine walicheka. Osborne hakucheka, aliagiza lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Wengi huishia hapo, na ndipo panapoanza sehemu ninayoipenda. Jina la Mpemba lilipokwisha kuenea, likawa nalo jambo la wazi: maji moto huganda upesi kuliko baridi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walilipima kwa uangalifu na hawakupata ushahidi wa kutosha. Walionyesha kwamba hata kuhamisha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Wengine wanaendelea kulichunguza katika mifumo tofauti na maji. Hakuna lililomvunjia heshima kijana yule. Alichodai ni kwamba swali lake lijaribiwe.

Basi kila kitu kipimwe? Hata kama parashuti humwokoa anayeruka kutoka kwenye ndege?

La. Pale ambapo tofauti ni kubwa kiasi kwamba hakuna maelezo mengine, kundi la kulinganisha halihitajiki. Kabla ya insulini kuanza kutumika mwaka 1922, watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza walikuwa wakifa. Baada yake waliishi. Yapo pia yasiyoweza kugawiwa kwa bahati nasibu, kama uvutaji sigara. Hayo huchunguzwa kwa kufuatilia watu wengi kwa miaka mingi.

Ila watu huwa wepesi mno kudai kwamba jambo lao ni parashuti. Dripu ya kasi ilidhaniwa kuwa parashuti.

Nikiombwa mtoto wangu aingie kwenye utafiti, niulize nini?

Uliza ni kitu gani hasa kinapimwa, na kwa nini wataalamu hawana uhakika nacho. Wakikujibu kwamba wana uhakika kitamsaidia, uliza basi kwa nini wanakipima. Uliza atakayekuwa kundi la kulinganisha atapata matibabu gani. Uliza kamati ipi ya maadili imeupitisha, na jina ambalo utafiti umesajiliwa nalo. Uliza ni nani anayefuatilia usalama na ana uwezo wa kuusimamisha, na mtoto akiumia nani atalipia matibabu. Omba nakala ya fomu kwa Kiswahili, au lugha unayoielewa vizuri zaidi, ukaisome nyumbani na mwenzio kama hali ya mtoto inaruhusu.

Unaweza kukataa, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na mtoto bado atatibiwa kama wagonjwa wengine. Ukikubali, omba uambiwe matokeo utafiti utakapokwisha. Watafiti wengi husahau kurudi kijijini na majibu, na wewe ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuyasikia.